Marumaru sizipendi na hela ya kubomoa hakuna: ukuta nipake rangi gani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili. Kwa miaka 6 nilikuwa nafundisha Urambo, mkoani Tabora, na mume wangu yuko Dar es Salaam. Katika miaka hiyo alinunua kiwanja Goba akajenga kidogo kidogo, kila mshahara ukiingia anaongeza kozi mbili tatu. Uhamisho wangu ulipotoka mwaka jana nyumba ilikuwa imeshaezekwa, na picha zote alikuwa akinitumia isipokuwa za jiko. Jiko alitaka nilikute limekamilika, liwe zawadi yangu.

Nilipofungua mlango nililia. Yeye alidhani nalia kwa furaha, na kweli furaha ilikuwepo, kwa sababu miaka 6 nimepika kwenye chumba cha kupanga, jiko la mkaa nje, mvua ikinyesha nakimbia nalo. Hata kaunta ameipandisha juu kuliko kawaida kwa sababu mimi ni mrefu na nilikuwa namlalamikia mgongo kila nikimaliza kukata mboga. Lakini Shangazi, rangi za jiko hili zinanichosha kiasi ambacho sijui nimweleze nani.

Ukutani, juu ya kaunta, kuna marumaru zinazong'aa. Ukiziona kwa haraka ni rangi ya biskuti, ila ukikaa nazo zina upinki fulani. Katikati yake umepita mstari wa marumaru zenye picha za zabibu, mapeasi na jagi. Kaunta ni graniti nyekundu ile ya damu ya mzee, ina madoa meusi na mengine ya pinki. Makabati ni ya mninga, yamepigwa vanishi ya kung'aa mpaka yameelekea rangi ya chungwa. Kimoja kimoja ningekizoea. Vyote pamoja vinanipigia kelele.

Desemba wifi yangu alinishauri tupake ukuta nyeupe pee, kwamba nyeupe haikosei na jiko litaonekana kubwa. Tukapaka. Marumaru zikazidi kuwa mbaya! Sasa fundi wetu anasema tubadilishe tuweke krimu, inaendana na kila kitu. Mimi mwenyewe nimeona kwenye simu jiko la kijani kilichopauka na moyo wangu umeganda hapo. Fundi mwingine amejitolea kupaka rangi juu ya marumaru zenyewe.

Mume wangu amesema nichague rangi ninayotaka ila tusivunje kitu, maana hela imeisha na Januari ada zinatungoja. Jiko lina meta 3 kwa 3 na nusu, dirisha moja linatazama magharibi, na nje ya dirisha kuna bati jekundu la jirani. Taa ni zile nyeupe kabisa. Niko jikoni alfajiri kabla ya kwenda shule na jioni nikirudi.

Naomba uniambie rangi itakayozificha marumaru hizi. Na unisaidie nisimuumize mume wangu, maana siku hizi nikitaja tu neno jiko ananyamaza.

Mwalimu wa Goba

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale uliposema kwamba baada ya kupaka nyeupe, marumaru zilizidi kuwa mbaya. Jicho lako limeona sawasawa. Nianzie hapo, kwa sababu ukielewa kilichotokea Desemba hutakosea tena.

Marumaru hazikubadilika. Aliyebadilika ni jirani yake. Jicho la mtu halisomi rangi moja moja kama mizani inavyosoma uzito. Linalinganisha hiki na kile kilicho pembeni. Na kinacholivuta kuliko vyote ni mahali ambapo kitu cheupe sana kinakutana na kitu kilichofifia. Ulipopaka nyeupe pee, ukingo wote wa marumaru ukawa mpaka wa namna hiyo, kama vile umezizungushia mstari wa kalamu. Ule upinki nao, ambao kwenye ukuta wa zamani ulikuwa umetulia, ukasimama kando ya weupe safi ukaonekana kama doa. Wifi yako alisema kweli kuhusu ukubwa wa jiko. Ila nyeupe inataka vitu vya kupendeza pembeni yake, kwa sababu inavitangaza.

Kabla sijaanza kuandika safu hii nilikaa kaunta ya duka la rangi miaka 11. Haikupita wiki bila mteja kurudisha kopo akiwa amekasirika: "Mmenichanganyia rangi siyo." Tunapaka kidogo kwenye karatasi, tunaiacha ikauke, tunalinganisha na namba aliyoagiza. Ni ile ile. Dukani aliipenda, nyumbani kwake imekaa kando ya zulia la zambarau na mapazia ya njano, ikawa rangi nyingine. Niliwaonea huruma sana watu hao kwa sababu hawakuwa wakisema uongo.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba malalamiko hayo ni ya zamani. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alipewa kusimamia utiaji wa rangi kwenye karakana ya Gobelins mjini Paris, walikokuwa wakifuma mazulia ya kutundika ukutani. Wafumaji walilalamika kwamba nyuzi nyeusi hazijakolea. Akazilinganisha na nyuzi nyeusi za karakana nyingine, akakuta hazina kasoro yoyote. Kilichozipausha ni buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Alilichunguza jambo hilo kwa miaka, akachapisha aliyoyaona mwaka 1839, na mpaka leo wanaofanya kazi ya rangi wanatumia alichokikuta: rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja huisukuma nyingine kuelekea upande ulio kinyume chake.

Kwa hiyo mwanangu, kijani chako itabidi nikukatalie, na ninakukatalia kwa uchungu kwa sababu najua ulivyokipenda. Kinyume cha kijani ni wekundu. Ukikipaka ukutani, hata kiwe kimepauka namna gani, graniti itazidi kuwa nyekundu na marumaru zitaonekana pinki kama ndani ya pera. Fungua tena ile picha kwenye simu yako utazame kaunta ya jiko lile ni ya rangi gani. Naamini hutakuta damu ya mzee. Buluu nayo iache, kwa sababu itaukoleza uchungwa wa makabati kwa njia ile ile. Kama bado unakitaka kijani, kipake chumba cha kulia au ndani ya stoo, mahali ambapo ukisimama huzioni marumaru.

Na krimu ya fundi? Krimu si rangi moja. Nyingi zinazouzwa zikiwa tayari kwenye makopo zimeelekea umanjano, na umanjano ukikaa karibu na upinki, vyote viwili vinachakaa: ukuta unaonekana umerukiwa mafuta ya kukaangia, marumaru zinaonekana zimepigwa na jua. Fundi wako ana nia njema, na kwenye nyumba nyingi krimu hiyo imemfaa. Kwako haitafaa.

Umeniuliza rangi ya kuficha. Kitu usichokipenda kinatulia ukikipa ndugu. Rangi ya ukuta itoke ndani ya marumaru zenyewe au ndani ya graniti, iwe ya ukoo ule ule, na kiza chake kilingane na cha marumaru. Hapo ule mpaka uliouchora Desemba unafutika. Jicho likipita pale halikuti pa kusimama, linaendelea na safari yake.

Chukua karatasi nyeupe ya kuandikia, iegemeze kwenye marumaru mchana. Karatasi itakuonyesha marumaru zimeelekea wapi: kama ni pinki kweli, au ni udongo, au kuna ukijivu hukuwahi kuuona. Fanya hivyo hivyo kwenye graniti, na huko tafuta doa lililopauka kuliko yote. Kwa ulivyonieleza, nadhani utafika kwenye rangi ya udongo mkavu. Nazungumzia ile ya ukuta wa nyumba ya udongo uliopigwa na jua la kiangazi: imepauka, ina kijivu kidogo, na upinki wake ni wa mbali sana. Wewe umekaa Urambo, unaijua. Ukiiona kwenye kadi ya rangi dukani utasema imepooza. Usiogope. Ikizunguka kuta nne inapata nguvu, kwa sababu ukuta mmoja unaurushia mwingine rangi, na ndiyo maana ukisita kati ya mbili jirani kwenye kadi, chukua iliyopauka zaidi.

Dukani omba wachanganye kwa mashine na wakuandikie namba. Fundi asikolezee mwenyewe kwa macho ndani ya ndoo, maana ikipungua nusu ya ukuta hamtaipata tena ile ile. Nunua kwanza kopo dogo kuliko yote waliyo nayo. Usipake kiraka ukutani! Kiraka kitazungukwa na ile nyeupe, na nyeupe itakudanganya kama ilivyokudanganya mwanzo. Paka kadibodi kubwa, karibu sentimeta 60 kila upande, mikono miwili (yaani mara mbili), mpaka ukingoni bila kuacha pambizo nyeupe. Ikikauka iegemeze kwenye marumaru, kisha kwenye kabati, kisha kwenye graniti.

Halafu piga picha kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama kwenye picha hiyo kadibodi na marumaru zimekuwa kijivu kimoja, umefika. Kama kadibodi inajitokeza, bado ina weupe mno au kiza mno. Jaribio hili halina gharama na limewaokoa wengi niliowahudumia.

Sasa taa, na hili ningelilia kama ningekuwa nimekaa nawe. Kabla hujanunua hata brashi, badilisha taa. Hizo nyeupe kabisa ulizoeleza, kwenye boksi lake mara nyingi imeandikwa 6500K, namba inayoonyesha rangi ya mwanga. Mwanga wake una ubuluu. Chini yake mninga unaonekana kama plastiki, upinki unaonekana mgonjwa, na hata samaki uliyemkaanga vizuri anakosa hamu. Tafuta za kati ya 3000K na 4000K. Wewe uko jikoni alfajiri na jioni, maana yake jiko lako unaliona kwa taa kuliko kwa jua, na huenda sehemu ya kelele unayoisikia inatoka darini. Ziwashe siku tatu, kisha ndipo uendelee na kadibodi. Rangi iliyochaguliwa chini ya taa ya zamani italazimika kuchaguliwa upya.

Dirisha lako nalo lina mambo yake. La magharibi linaingiza jua la jioni, lile la dhahabu, na bati la jirani linaongeza wekundu wake juu ya huo. Saa 11 jioni kila kitu jikoni kwako kinaelekea moto. Ndiyo sababu nataka udongo wako uwe na kijivu ndani, usiwe ule wa matofali. Weka pazia jepesi jeupe, lichuje. Kadibodi itazame saa 12 asubuhi, saa 11 jioni na saa 2 usiku. Ikikupendeza nyakati mbili kati ya hizo, na ya tatu ukaivumilia, inatosha. Hakuna rangi inayopendeza saa zote.

Makabati usiyaguse kwa rangi. Nakusihi. Mninga ni mti wa miombo, wa huko huko Tabora ulikokuwa ukifundisha, na mbao yake inaheshimika kwa sababu haijikunji ovyo wala haiharakishi kuliwa na wadudu. Ninaowajua waliopaka mninga rangi ya mafuta walijuta walipotaka kurudi nyuma. Unachokichukia pale ni vanishi: inazidisha umanjano na inarudisha mwanga usoni. Siku ukipata nafasi, pengine likizo ya Juni, fundi seremala apige msasa milango peke yake na kuweka vanishi isiyong'aa. Utakutana na kahawia tulivu yenye michirizi, na utashangaa ilikuwepo siku zote. Ikiwa hata hilo haliwezekani mwaka huu, vishikizo vyeusi visivyong'aa vitasaidia kiasi, maana vitaungana na madoa meusi ya graniti.

Kuhusu fundi anayetaka kupaka marumaru: zipo rangi maalumu za epoksi za kazi hiyo, zenye kopo mbili zinazochanganywa, na marumaru lazima zisuguliwe na kusafishwa mafuta kabisa kwanza. Nyuma ya jiko la gesi na karibu na sinki, penye joto, mvuke na kusugua kila siku, hata kazi nzuri huanza kubanduka. Ikibanduka utakuwa na marumaru usizozipenda na magamba juu yake. Mwambie asante.

Ule mstari wa zabibu na jagi ndio wenye haki ya kukuudhi. Picha ndogo yenye rangi nyingi huita jicho popote ilipo, na ukuta wa udongo hautaunyamazisha wote. Mume wako amesema msivunje kitu, na mwaka huu mtii. Panga mbele yake vitu unavyovitumia: chupa za mafuta, mtungi wa chumvi, ubao wa kukatia umeegemezwa. Ni mstari mmoja tu. Baadaye fundi anaweza kuutoa huo peke yake na kuweka marumaru za rangi moja bila kugusa nyingine, kazi ya siku moja. Nasema baadaye kwa sababu ukuta ukishakaa vizuri huenda usiuone tena, na hela hiyo ikaenda kwenye ada.

Jicho lipe pia pa kwenda. Ukuta unaokutana nao ukiingia, kama hauna marumaru, tundika hapo ungo na vikapu ulivyotoka navyo Urambo, au weka rafu moja ya vyungu. Dari libaki jeupe, lakini si pee. Mwambie muuzaji atie tone la ile rangi yako ya udongo ndani ya nyeupe ya dari.

Kiasi: kuta zako zote, kama zina kimo cha kawaida cha meta 2.7, ni kama meta za mraba 35. Ukitoa mlango, dirisha, makabati na marumaru zinabaki kama 18. Mikono miwili ni 36, na lita moja hufunika karibu meta 10 za mraba. Galoni moja ya lita 4 inakutosha. Chukua rangi ya maji ya silki, yenye mng'ao kidogo, ambayo unaweza kuipangusa kwa kitambaa bila kutoka, maana unakaanga. Ukuta uoshwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni ya unga, hasa upande wa jiko la gesi, ukauke siku nzima, vinginevyo rangi mpya itashika mafuta badala ya ukuta.

Nimebakiza mume wako.

Umesema ukitaja jiko ananyamaza. Mwanangu, huyo alisimama peke yake dukani, chini ya taa za duka, akachagua marumaru, graniti na mbao siku tofauti, kila kimoja hela yake ilipopatikana, bila mtu wa kumuuliza "hii itakaaje na ile?" Hakuwahi kuviona pamoja mpaka vilipokwisha kubandikwa. Inawezekana kabisa na yeye aliona siku ile ile uliyoona wewe, ila kwake hapakuwa na pa kuandikia barua.

Na kuna jambo umelitaja ukalipita haraka. Aliipandisha kaunta kwa sababu ya mgongo wako. Ulikuwa Tabora, ukilalamika kwenye simu, naye akalichukua neno hilo akalipeleka kwa fundi. Rangi inabadilishwa kwa galoni moja, lakini kimo cha kaunta kikikosewa unakibeba mgongoni kila siku mpaka siku utakayovunja. Yeye hakukikosea. Je, umewahi kumwambia kwamba mgongo hauumi tena? Mwambie hilo kwanza, siku ambayo hamzungumzii rangi kabisa. Siku nyingine mwombe akushikie kadibodi ukutani, saa 2 usiku, taa mpya zikiwaka, nawe urudi nyuma mpaka mlangoni utazame, kisha mbadilishane.